Mashada Saba ya Mwandishi Pyo

Jumatatu, 4 Novemba

Hatimaye! Maktaba ya mji wetu wa Sangju imenikumbuka. Bi. Seol, mkutubi mkuu, amepiga simu saa nne asubuhi. Anauliza kama Jumamosi hii nina nafasi ya kuzungumza na wasomaji kuhusu riwaya yangu, Machozi ya Mlima Gapjang. Nikanyamaza kidogo ili asikie nikifunua kalenda. Sina kalenda. Nilifunua gazeti. Nikamwambia nitajibana.

Kisha akasema jambo lililonikalisha kitako. Ghorofa ya pili wametenga chumba cha mwandishi wa mji. Meza. Dirisha linalotazama miti ya matunda ya persimoni. Birika la chai. Jina mlangoni, mwaka mzima! Wanaokiwania ni wawili tu. Kamati itakaa Jumatatu ijayo na kupima mambo mawili: watu wangapi wamekuja, na mazungumzo ya nani yamewagusa zaidi.

Nakitaka chumba hicho kwa roho yangu yote. Nimeandika kurasa mia sita na kumi na mbili nyuma ya duka la vitoweo la mke wangu, nimebanwa kati ya friji mbili za kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili. Kila nikimfikisha mhusika kwenye kifo, mtu anachungulia kuulizia figili. Nina miaka hamsini na nne. Sijawahi kuwa na mlango wenye jina langu.

Na huyo wa pili ni nani? Tak Byeong-ho! Mwalimu mstaafu wa hesabu. Riwaya yake, Pancha ya Tatu, inahusu mtu na baiskeli yake. Kurasa mia na tisini, tena maandishi makubwa. Yeye alizungumza wiki mbili zilizopita. Sikuhudhuria, ila nilipita na gari mara nne. Mlangoni palikuwa na mashada tisa ya maua, yale ya kusimama, marefu kuliko mtu, utepe mmoja una jina la aliyetuma na wa pili una pongezi. Tisa! Ya waridi na manjano, utadhani linafunguliwa duka jipya la kuku. Watu wa hapa huhesabu mashada kwanza, ndipo wanauliza nani anazungumza.

Jumanne, 5 Novemba

Balaa. Jumamosi hiyo hiyo ni siku ya kimchi. Wanawake wa mtaa mzima watakuwa uani nyuma ya jengo letu na kabichi mia mbili za majira ya baridi. Nikamwomba mke wangu, Mama Da-hye, waisogeze mbele. Akaniuliza ni lini nimeona kabichi iliyokwisha kukatwa ikamsubiri mwandishi. Nikamwambia mustakabali wa fasihi ya mkoa mzima uko hatarini. Akasema natia chumvi. Yeye ndiye wa kutia chumvi, kabichi mia mbili, lakini lawama napewa mimi!

Nimezunguka mtaani kualika watu. Kinyozi angependa sana kuja, ila mkewe amempangia kubeba maji. Muuza samaki akauliza kama kuna chakula. Nikasema kuna chakula cha ubongo. Akasema basi tutaonana siku nyingine. Bibi Bok-sun wa ghorofa ya tatu, miaka themanini na mmoja, ndiye mtu pekee ninayejua kwa hakika kwamba alinunua kitabu changu. Anasema kinamsaidia sana. Anakandamizia mtungi wa kimchi, kina uzito mzuri. Nikamshukuru, maana msomaji ni msomaji.

Nimempigia binti yangu Da-hye, yuko Seoul, nikamdokezea habari ya mashada. Akanitumia picha ya ua kwenye simu.

Kwa hesabu yangu watakuja watu wanne. Mmoja wao ni Tak, atakayekuja kuhesabu hao watatu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata wazo wakati nanyoa ndevu, nikajikata. Wazo kubwa halikosi damu. Ikiwa hakuna anayenitumia mashada, si niwasaidie watu kunitumia? Nitaagiza mwenyewe. Saba. Tisa ningeonekana nashindana, na matano wangenihurumia.

Hapa Sangju siwezi kuagiza, muuza maua ni shemeji yake Tak. Nimepata duka moja mji wa jirani, Mungyeong, mkabala na hospitali. Nikajifungia nyuma ya friji nikapiga simu kwa sauti ya chini kabisa, maana Mama Da-hye alikuwa anamenya vitunguu saumu upande wa pili wa ukuta. Akapokea mzee mmoja, Mzee Noh, mtu mpole ajabu. Akauliza shughuli ni ya nani. Nikasema ni ya Mwandishi Pyo Man-chul. Akanyamaza. Jina limemgusa! Akauliza mimi ni nani kwake. Nikasema ni mtu wake wa karibu, tena wa karibu sana. Akasema, “Poleni sana, baba.” Nikamshukuru. Nikasema ni kweli, uandishi una machovu yake, ameteseka miaka sita, lakini sasa kazi imekwisha na amepumzika. Mzee Noh akasema ndiyo, acha apumzike.

Akataka kuniwekea maneno ya kawaida kwenye tepe. Nikamkatiza. Ya kawaida sitaki! Tepe za Tak zote ziliandikwa “Hongera kwa kitabu kipya”, kama zimetoka mashine moja. Nikamsomea ya kwangu, niliyoyatunga kwa jasho:

Kutoka kwa Wasomaji wa Busan: “Umetuachia hazina isiyooza.”

Kutoka kwa Wapenzi wa Riwaya Ndefu, Daegu: “Kurasa zimefungwa, sauti yako haitazimika.”

Kutoka kwa Wakorea Wasomao, Berlin: “Hakuna atakayeliziba pengo lako.”

Kutoka kwa Mwanamke Asiyetaka Kutajwa, Seoul: “Tutaonana tena.”

Na mengine matatu ya aina hiyo. Kuhusu rangi, nikamwambia asiniletee makelele ya harusi. Nataka utulivu. Nataka heshima. Akasema ameelewa kabisa, na sauti ikamlegea. Ameuza maua miaka arobaini, hajawahi kusikia maneno ya kumchoma moyo namna ile. Tazama mtu wa kawaida anavyoitambua fasihi!

Ijumaa, 8 Novemba

Mazoezi. Saini, mara themanini. Kidevu juu ya ngumi, mara ishirini. Halafu uso wa kushangaa mbele ya kioo cha bafuni: “Lo! Nani tena kanifanyia mambo haya?” Mama Da-hye akagonga mlango kuuliza kama tumbo linaniuma.

Nimeamua kuchelewa dakika kumi na mbili. Dakika tano ni foleni ya barabarani, ishirini ni dharau. Kumi na mbili ni ukubwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanza na wali.

Mama Da-hye alitoka alfajiri kwenda kwenye kabichi zake. Aliniachia wali, nikala bakuli mbili. Mazungumzo ni saa nane mchana. Nikazima simu, waandishi wakubwa hawapatikani ovyo, nikajibanza kwenye duka la kahawa mtaa wa pili mpaka saa nane na dakika kumi na mbili kamili.

Naikaribia maktaba, naona watu. Watu! Wamejaa hadi barazani. Wanawake wote wa kabichi, wangali na aproni na glavu zao za mpira zilizojaa pilipili. Kinyozi yumo. Muuza samaki yumo, bila hata kuahidiwa chakula. Nikanyoosha kola. Nikajiambia, Man-chul, tepe zimefanya kazi yake.

Kisha nikayaona mashada. Saba, ndiyo. Meupe. Meupe pe, kuanzia juu mpaka chini, na maandishi meusi. Katikati yake limesimamishwa bango langu, ile picha ya kidevu juu ya ngumi. Mlinzi wa maktaba, Mzee Gu, mtu wa adabu zake, amelizungushia utepe mweusi kwenye kona na kuwasha ubani mbele yake.

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Hata mtoto wa chekechea wa hapa anajua. Kitabu na harusi ni waridi. Meupe ni ya maiti.

Kumbe mashada yalifika saa tano asubuhi. Mzee Gu akayasoma, akavua kofia. Mpita njia akauliza, akaambiwa. Habari ikafika sokoni, ikafika uani kwenye kabichi. Bi. Seol akanipigia mara kumi na nne, simu imezimwa. Nani angekuwa na shaka? Mashada saba, moja la kutoka Berlin!

Nikajipenyeza hadi nyuma ya nguzo ya ukumbi. Mbele, kwenye kipaza sauti changu, amesimama Tak. Bi. Seol alikuwa amemwomba aseme machache, maana ndiye mwandishi pekee aliyebaki mjini.

Mtu mwenye akili angejitokeza hapo hapo. Nakiri. Lakini Tak ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye maneno, “Nilimwonea wivu.” Nani angemkatiza?

Akasema Machozi ya Mlima Gapjang amekisoma mara mbili. (Mara mbili!) Akasema alipofika pale mama anapokunja nguo za mwanawe asiyerudi, alifunga kitabu akachukua simu ampigie mama yake mzazi, ndipo akakumbuka kwamba mama alishafariki. Akasema yeye Tak anaandika kama anayesahihisha mitihani, lakini Man-chul anaandika kama mtu aliyeacha mlango wazi. Akasema miaka yote wamekutana sokoni wakainamishiana vichwa kidogo tu, tena kwa makusudi, na hata siku moja hakumwambia kwamba kile kitabu ni kizuri. Hapo akatoa leso. Wanawake wakaanza kujifuta machozi kwa glavu. Glavu zina pilipili. Wakalia mara mbili zaidi.

Nami niliandika kila neno nyuma ya hotuba yangu. Nililia pia. Niliona uchungu kwamba mtu kama mimi amekufa.

Dakika tisa zikapita. Ghafla nikasukumwa mgongoni. Mama Da-hye! Alikuwa ameenda kinuni kusagisha pilipili, habari ikamkuta huko. Alikimbia njia nzima. Mguu mmoja kiatu, mmoja soksi. Mkononi ana nusu ya kabichi, nadhani hata yeye hakujua. Akaniona nimesimama na kalamu. Akanitazama juu mpaka chini. Akanipiga na ile kabichi.

Halafu akakaa sakafuni akalia kwa sauti, kaishika suruali yangu kwa mikono miwili. Miaka ishirini na minane ya ndoa sijawahi kumwona hivyo. Moyo ulinigeuka. Nikatafuta neno zuri la kumwambia, mimi mwandishi, nikamwambia wali niliumaliza wote.

Ukumbi mzima ukageuka. Bibi Bok-sun akanyoosha kidole, “Huyo hapo! Marehemu huyo!” Muuza samaki akakimbilia dirishani. Mzee Gu akaongeza ubani. Tak alibaki na kipaza sauti mkononi, masikio yamemwiva. Akatangaza kwamba anafuta kauli. Yote, tangu mwanzo. Nikamwambia haiwezekani, Mwalimu, nimeshaandika.

Watu wakaanza kuinuka, wengine wakinung'unika kwamba wameacha kabichi kwenye chumvi kwa ajili ya mtu mzima wa afya. Mama Da-hye akasimama. Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. Akawaambia, “Kaeni! Mmekuja kumlilia, si ndiyo? Basi msikilizeni, ndiyo mtajua kulia ni nini. Nyama inachemka, naileta.”

Wakakaa. Nani anabishana na Mama Da-hye?

Kwa hiyo nilizungumza! Dakika arobaini, watu themanini na watatu, wote wamejiandikisha kwenye daftari la wageni. Nyama ya nguruwe ya kuchemsha ikaja na kimchi mbichi ya mchana ule ule, wakala wakinisikiliza. Mzee mmoja alilalamika kwamba msibani huliwa mchuzi mkali wa nyama ya ng'ombe, siyo hii. Nikamwomba radhi.

Maswali yakafuata. Bibi Bok-sun aliuliza inakuwaje shujaa anakufa ukurasa wa arobaini na kitabu bado kinaendelea. Nikamwuliza kama amekisoma. Akasema amesoma mpaka arobaini, akaona msiba umekwisha, akakipeleka kwenye mtungi. Kinyozi aliuliza ninawajua vipi watu wa Berlin. Nikasema fasihi haina mipaka. Mke wa kinyozi akasoma utepe mwingine kwa sauti, polepole, ule wa Mwanamke Asiyetaka Kutajwa. Mama Da-hye akainua uso kutoka kwenye nyama. Nikasema nadhani muda umetuishia.

Jumapili, 10 Novemba

Siku tukufu. Bi. Seol anasema vimenunuliwa vitabu thelathini na kimoja. Bibi Bok-sun amechukua cha pili, ana mitungi miwili.

Mzee Noh amepiga simu kutoka Mungyeong. Amesikia. Ameomba radhi kwa dakika nzima, halafu akaniuliza kama ninaweza kumruhusu aendelee kuyatumia maneno yangu, maana kuna familia mbili zimeyapenda. Hasa lile la pengo. Basi nina wasomaji Mungyeong pia!

Mama Da-hye hasemi nami, lakini juu ya wali wangu wa asubuhi aliweka yai. Saa sita akashindwa kuvumilia, akaniuliza yule mwanamke wa Seoul ni nani. Nikamwambia kweli. Ni mimi. Akanitazama. Akacheka mpaka akashika friji. Akasema alidhani nimepata mtu, kumbe hata wa kubuni amenitumia shada la mazishi.

Chumba ni changu. Themanini na watatu! Tak alipata hamsini na mbili, tena nusu yao ni wanafunzi wake wa zamani ambao bado wanamwogopa. Nimechora kibao cha mlangoni: PYO MAN-CHUL, MWANDISHI. Nimekipaka vanishi mara mbili.

Jumatatu, 11 Novemba

Kamati imekaa. Bi. Seol amenipigia saa tisa alasiri. Nilipokea nimesimama.

Akasema wanakamati wamefurahi mno. Watu themanini na watatu, maktaba haijawahi kuwaona tangu ijengwe. Nikasema si kitu. Akasema kwenye hilo nimeshinda wazi. Nikasema naam. Akasema lakini la pili ndilo walilolipa uzito, mazungumzo yaliyowagusa watu, na wanakamati wote wanne wanakubaliana kwamba ndani ya ukumbi ule hayajawahi kusikika mazungumzo kama yale ya Jumamosi. Nikaanza kumshukuru kwa niaba ya familia yangu. Akasema, kwa sauti ndogo, ya Mwalimu Tak. Zile dakika tisa.

Chumba amepewa Tak.

Kwa maneno kuhusu mimi! Kwa machozi ya jirani zangu, na pilipili ya mke wangu! Meza, dirisha, birika, mlango, vyote. Nimekufa mimi, amerithi yeye. Niliketi kati ya friji nikashindwa hata kuandika. Kweli iliniuma. Mama Da-hye alikuja akakaa juu ya ndoo kando yangu, akanimenyea persimoni.

Jioni Tak mwenyewe akaja dukani. Akanunua figili. Akasimama pale akizungusha kofia. Akasema alichosema Jumamosi alikimaanisha. Siyo chote, akaongeza haraka, lakini kile cha mama na nguo, ndiyo. Halafu akainamisha kichwa, na safari hii akainama hasa. Nami nikainama. Akasema nikipenda nipite siku moja ninywe chai. Akaondoka na baiskeli yake. Sikutegemea, lakini nimefurahi.

Alipotokomea, Mama Da-hye akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza jambo moja kubwa. Akaweka kisu chini ili asikilize. Nikamweleza: mpango wote ulikuwa sahihi, kosa ni moja tu, tena dogo. Alikufa mtu ambaye siye. Anayekufa hapati kitu, anayepata ni msemaji. Akachukua kisu, akaendelea na figili zake.

Kwa hiyo nimeshaanza. “Risala ya Kumuaga Mwalimu Tak Byeong-ho.” Kurasa kumi na moja tayari, na bado nipo kwenye utoto wake. Inachoma kwelikweli, mwenyewe nimelia mara mbili. Tak ni mzima kama kengele, kila asubuhi anaendesha baiskeli kilomita thelathini. Haidhuru. Mwandishi makini hujiandaa mapema. Kilichobaki ni tarehe tu, na ukumbi nimeshauulizia.